Maji ya Kusuuzia Ndoo

Mshale wa geji ya mtambo wa gesi ulikuwa umelala. Si kwamba umepungua, hapana, umelala kabisa, ubavu kwa ubavu na sifuri, kama mtu aliyeshiba akaambiwa leo hakuna kazi. Kiherehere aliigonga geji kwa kidole. Akaigonga tena kwa kucha. Akakifuta kioo chake kwa ncha ya blauzi. Mshale ukatikisika kidogo, kwa adabu tu, ukarudi kulala.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na kamati ilikuwa inakuja Alhamisi.

"Jamani," akaiambia geji, "usinifanyie hivyo mbele za watu."

Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho cha chuo, lakini hakuna anayelitumia. Wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, mhadhiri aliuliza nani angependa kuandikisha wanaotaka kujiunga na kikundi cha mazingira, na mkono wa binti huyu ukawa umeshapanda hewani kabla swali halijafika mwisho. Mtu akasema huko nyuma, "Huyo kiherehere huyo!" Ukumbi mzima ukacheka, jina likamganda. Na wala halikumuudhi. Alilivaa kama kofia.

Sasa sikia habari ya huo mtambo. Nyuma ya bwalo la chakula, kati ya kamba za kuanikia vitambaa vya jikoni na ukuta wa stoo, kuna tangi la saruji limefukiwa ardhini, mgongo tu ndio unaoonekana. Upande huu lina mdomo: humo unamimina maganda ya viazi, wali uliobaki, maharage waliyoyakataa wenye kuringa, vyote vimekorogwa na maji. Upande ule linatoa uji mweusi unaokwenda bustanini. Na katikati, juu, limechomoza bomba linaloingia mpaka jikoni, na mwisho wa bomba kuna jiko lenye moto wa buluu. Gesi ya mabaki! Wanafunzi ndio walioiomba, barua saba, majibu mawili. Wanafunzi ndio waliochimba shimo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Chuo kilitoa saruji na fundi. Kila bweni likapewa ndoo yake ya mabaki, na kila asubuhi ndoo kumi na moja zinakuja nyuma ya bwalo zikiwa kwenye mkokoteni.

Aliyefaidika kuliko wote ni Mama Sufuria, mpishi mkuu. Miaka kumi na minane alipika kwa kuni, mpaka kifua chake kikaanza kupiga filimbi usiku. Daktari hakumzungusha. "Mama, moshi au mapafu, chagua kimoja." Majiko ya kuni yalikuwa mawili. Moja lilivunjwa siku gesi ilipowaka, naye akahamia kwenye moto wa buluu. La pili lilibaki akiba, linashughulikiwa na wasaidizi wawili vijana. Alhamisi kamati ya majengo ingekuja kuamua: ama gesi imefaulu, kuni ziagwe moja kwa moja, ama imeshindwa, mkataba wa kuni usainiwe upya miaka mitatu, na lile jiko lililovunjwa lijengwe tena pale pale.

"Kuni zikirudi, mimi naondoka," Mama Sufuria alikuwa ameshasema mbele ya watu. "Sina mapafu mengine stoo. Lakini niambieni, huko nyumbani peke yangu nitampikia nani? Nitakaanga yai nilitazame?"

Ndiyo maana Kiherehere alikuwa anaigonga geji kama mwendawazimu.

"Shikamoo mama," alisema aliposikia kandambili nyuma yake.

"Marahaba. Mbona unaipigapiga hivyo? Imekukosea nini?" Mama Sufuria alisimama na mwiko mkononi. "Moto wangu leo ni mdogo kama wa kiberiti. Chai ya saa moja imechemka saa tatu. Kuna nini?"

"Hamna kitu, mama. Baridi tu."

"Baridi." Mama Sufuria alitazama jua, akatazama jasho kwenye paji la uso la binti. "Haya. Mwite fundi wa baridi."

Fundi aliitwa Fundi Povu, kwa sababu dawa yake ya kwanza kwa bomba lolote ilikuwa povu la sabuni: anapaka kwenye maungio, kama gesi inavuja, povu linatoa mapovu makubwa. Mtu mkimya, maneno yake ya siku nzima ungeyatia kwenye kisanduku cha kiberiti. Alipaka asubuhi yote. Alipaka kwenye koki, kwenye kiwiko, kwenye shingo ya tangi. Povu lilikaa limetulia.

"Halivuji," akasema. Akachuchumaa kwenye mdomo wa tangi, akanusa. "Mnalilisha nini?"

"Mabaki tu, fundi. Na maji."

"Maji gani?"

"Yale ya kusuuzia ndoo. Kama kawaida."

Fundi akatikisa kichwa kukubali, akaenda kuchanganya povu jingine. Kiherehere akabaki amesimama pale pale, na kitu kikaanza kupanda taratibu kutoka kwenye nyayo zake kwenda juu.

Maji ya kusuuzia ndoo.

Alitembea mpaka pembeni mwa stoo, mahali pa kuoshea. Ukutani palikuwa na maandishi makubwa ya rangi ya kijani, mwandiko wake mwenyewe: HAPA TONE HALIMWAGWI. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya kikundi, na yeye ndiye aliyeitunga. Mbona umwage maji ya kuoshea ndoo wakati tangi linahitaji maji? Kwa hiyo kila asubuhi ndoo zinaoshwa, na maji yote yanaingia tangini mpaka tone la mwisho. Uzuri ulioje!

Ila siku kumi nyuma matroni wa bweni la wasichana alikuja juu. Ndoo zinanuka, akasema, nzi wamehamia ghorofani na mizigo yao, na kama hali ni hiyo atapiga marufuku ndoo zote. Kiherehere hakungoja kikao wala hakumuuliza mtu. Alikwenda kwa wasafishaji akaomba dumu la dawa ya waridi, ile ya kusafishia vyoo, akaanza kuogesha ndoo nayo mwenyewe, kila siku, kwa mikono yake. Maelezo yalisema kifuniko kimoja. Yeye aliweka viwili. Ndoo zikanukia kama harusi, matroni akatabasamu.

Dumu lilikuwa pale pale chini. Akaliinua, akasoma karatasi yake polepole, kana kwamba ni matokeo ya mtihani. "Huua vijidudu kwa asilimia tisini na tisa."

Siku ya kwanza kabisa, Fundi Povu aliwaambia sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema: "Gesi haitengenezwi na tangi, inatengenezwa na vijidudu waliomo ndani, hao ndio wapishi wenu, muwalishe na msiwaudhi."

Siku tisa. Ndoo kumi na moja. Vifuniko viwili. Alikuwa amewanywesha wapishi sumu, kwa utaratibu mzuri, bila kumwaga hata tone. Na ile asilimia moja iliyobaki, maskini, ndiyo iliyokuwa inausukuma mshale.

Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Mwenyekiti wa kikundi, kijana wa mwaka wa tatu mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya kuchimba shimo. Alimkuta maktaba, akamnong'oneza yote kwa pumzi moja.

"Tulia," Mwenyekiti akasema. "Kwani nani amekuuliza?"

"Hakuna. Lakini fundi anapaka povu toka asubuhi! Afisa Majengo ameshapita, kamwambia kazi yake ni ya kulipua. Mbele yangu! Na mimi nimenyamaza kama ukuta."

"Endelea kunyamaza. Kaka yangu ana mtungi wa gesi wa dukani. Alhamisi asubuhi tunaufunga kwenye bomba nyuma ya stoo, tunafunika magunia. Moto unawaka, kamati inafurahi, wanakwenda zao. Halafu tunalitibu tangi polepole."

"Huo ni uongo."

"Huo ni ukweli uliochelewa kidogo."

"Na fundi?"

"Fundi tutampongeza kwa kazi nzuri."

Kiherehere alicheka, halafu akashtuka kwamba amecheka. "Na Mama Sufuria?"

"Unamtaka arudi kwenye moshi? Ukisema leo, kamati haiji kabisa. Wanasaini kuni, kwisha habari. Chagua."

Hakuchagua. Ndilo kosa lake la pili, na lilimtafuna kuliko la kwanza. Jumanne alimtazama Fundi Povu akifukua bomba lote kutoka tangini mpaka ukutani, magoti udongoni, akitafuta ufa ambao haupo. Alimpelekea maji ya kunywa. Fundi akasema "Ahsante, mwanangu," naye akaondoka bila kungoja kikombe kirudi. Jumatano hakula. Darasani mhadhiri alimuuliza swali, naye, Kiherehere, ambaye mkono wake hupanda kabla ya kuitwa, akajibu kwamba hajui. Darasa zima liligeuka kumtazama kama aliyetangaza ndoa.

Mama Sufuria alimwona akipita jikoni mara ya tano. "Wewe, hebu njoo. Unaumwa?"

"Hapana mama."

"Una mimba?"

"Mama!"

"Basi kuna jambo. Mtu asiyeumwa na asiye na mimba hawezi kukataa kiazi cha moto." Akakohoa kidogo, maana siku tatu hizo moto wa buluu ulikuwa umefifia na alilazimika kusogeza sufuria zake kwenye jiko la kuni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Likikuzidi, uliseme. Mdomo haukuwekwa kwa ajili ya kula peke yake."

Binti akafungua mdomo. Wakaingia wasaidizi na gunia la vitunguu, mdomo ukafungwa.

Alhamisi ikafika, kwani ilikuwa na mahali pengine pa kwenda? Saa tatu kasoro, Mwenyekiti alipita na kumkonyeza: tayari. Saa tatu kamili wakaja watu watatu, mbele yao Afisa Majengo, bwana mwenye rula mfuko wa shati na sura ya kupima kila kitu. Jikoni pakajaa. Fundi Povu alijibanza mlangoni, mikono nyuma, amenyong'onyea, maana alfajiri aliiona geji kwa macho yake na alijua anakuja kuaibishwa.

Mwenyekiti alitoa hotuba. Alisema "mazingira" mara kumi na nne. Kisha Mama Sufuria akawasha kiberiti, akafungua koki.

Pwaa! Moto ukaruka, mkali, mrefu, buluu tupu.

Kamati ikapiga makofi. Fundi Povu akabaki mdomo wazi. Na Mama Sufuria hakurudi nyuma. Aliinama kidogo, akanusa. Akatazama urefu wa moto, akasikiliza mlio wake. Mtu aliyelala na kuamka na moto miaka kumi na minane, humdanganyi kwa moto. Aliinua uso taratibu, macho yake yakapita kwa fundi, yakapita kwa Mwenyekiti, yakaja yakatua kwa Kiherehere, yakakaa hapo.

"Safi sana," akasema Afisa Majengo. "Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa na nyinyi. Basi hakuna haja ya kuzungushana. Kesho asubuhi hilo jiko la kuni lililobaki livunjwe, na mkataba wa kuni siusaini. Mama, chakula cha wote utakiweza kwa gesi?"

Mwiko ulikuwa mkononi mwa Mama Sufuria, na macho yake yalikuwa bado pale pale kwa binti.

Kiherehere aliiona kesho na keshokutwa kama ziko mezani: foleni ya wanafunzi na sahani zao, kuni hakuna, gesi hakuna, mtungi wa kaka mtu umekwisha Jumamosi mchana, na wote wakimgeukia mwanamke mmoja: mama, chakula kiko wapi? Mama akisema ndiyo, anadanganya. Akisema hapana, anawachongea watoto wake, wanafunzi hawa. Walikuwa wamemfungia njia zote mbili, kwa nia njema.

"Si gesi yetu," Kiherehere akasema.

Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu. Akairudia.

"Hiyo si gesi yetu. Kuna mtungi nyuma ya stoo, chini ya magunia. Tangi halina kitu. Na si kosa la fundi, fundi hajui lolote. Ni mimi. Nimeosha ndoo kwa dawa ya choo siku tisa, na maji yake yote nikayamimina ndani."

Mwenyekiti akaanza, "Kwa kweli hayo yalikuwa maonyesho tu ya namna ambavyo..."

"Wewe umeshahutubia," Afisa akamkata. Alitoka mwenyewe mpaka nyuma ya stoo, magunia yakasikika yakitupwa. Aliporudi alikuwa amebadilika rangi. "Mmeniita hapa kunichezea mchezo wa kuigiza?"

Fundi Povu alisogea hatua moja, akamuuliza binti kama daktari anavyomuuliza mgonjwa: "Kiasi gani kila ndoo?"

"Vifuniko viwili."

"Ndoo zote?"

"Zote."

Fundi alifumba macho, akafumbua. "Siku tatu nimepaka povu," akasema. Hakupandisha sauti. Afadhali angempiga kofi. Kisha akamgeukia Afisa. "Halijafa, bwana mkubwa. Limelewa. Nitoe huo uji mbovu nusu, nitie samadi mbichi ya ng'ombe kuleta vijidudu wapya, nilipumzishe. Siku kumi na nne."

"Mkataba unasainiwa baada ya siku kumi na sita."

"Basi unazo mbili za akiba."

Afisa Majengo aliwatazama mmoja mmoja. "Siku ya kumi na nne, kabla ya chai, nakuja. Nitaanzia nyuma ya stoo. Moto usipowaka, kalamu yangu iko hapa." Akagusa mfuko wenye rula, akaondoka na wenzake.

Kiherehere alimgeukia Mama Sufuria, machozi yako njiani. "Mama, nisamehe, nilitaka..."

"Ulitaka, nimeona ulichotaka." Mama Sufuria alizima koki. "Kulia utalia baadaye, ukiwa na sababu. Siku hizo kumi na nne maharage hayajipiki. Mimi kwenye moshi siingii tena. Wewe utaingia. Saa kumi na moja alfajiri, na ufunge nywele."

Aliingia. Siku ya kwanza moshi ulimtoa machozi ambayo hakuyapanga, siku ya pili alikohoa mpaka wasaidizi wakamletea kiti. Hapo ndipo alipoelewa kile alichokuwa akikiandika kwenye barua saba. Baada ya maharage, samadi: banda la ng'ombe la chuo liko ng'ambo ya kiwanja cha mpira, na njia ya kurudi inapita mbele ya maktaba.

"Kiherehere, umejipaka manukato gani leo?"

"Ya nje! Njoo nikupulizie!"

Alijibu hivyo kwa mdomo, huku akiharakisha toroli lake. Siku ya nne alimkuta Mwenyekiti bandani, shati halina pasi, anajaza toroli lake mwenyewe. Walisukuma pamoja.

Mshale ulilala siku ya tano. Ulilala siku ya sita. Kiherehere alikuwa anakwenda kuutazama kila kipindi kikiisha, mpaka Fundi Povu akamfukuza: "Mgonjwa hafumbuliwi macho kila saa." Siku ya nane ulinyanyuka upana wa kucha, binti akapiga kelele mpaka wasafishaji wakaja mbio. Siku ya kumi ukashuka. Usiku huo hakupata hata lepe la usingizi. Siku ya kumi na moja ukarudi, siku ya kumi na mbili wakajaribu kuwasha, gesi ikatoka fyuu, kiberiti kikazimika. Mara ya pili, kikazimika.

"Hiyo ni hewa chafu ya kwanza," fundi akasema. "Ngojeni."

Siku ya kumi na tatu, saa moja asubuhi, Mama Sufuria alifungua koki mwenyewe. Moto ulitoka mfupi, mvivu, una harufu ya yai bovu. Ukayumba. Ukakaa. Akaweka juu yake sufuria ya maji ya chai, akakunja mikono, akangoja. Hakuna aliyethubutu kukaa. Ilichukua muda mrefu sana, jamani, mrefu wa kukuotesha mvi, halafu kifuniko kikaanza kucheza.

Mama Sufuria alitazama mvuke. Kisha akachukua ndoo ya maji, akaenda kwenye jiko la kuni, akaimwaga yote juu ya makaa. Shaaa! Jivu likaruka mpaka darini.

"Mama!" Kiherehere alishika kichwa. "Afisa anakuja kesho! Je, ukizimika usiku? Mshale haujafika hata nusu! Si tungebakiza kidogo, kwa tahadhari..."

"Nimebakiza mapafu," akasema Mama Sufuria, akaitua ndoo tupu chini. "Wewe nenda kamwangalie mgonjwa wako."

Binti alikwenda mbio. Fundi Povu alikuwa ameshafika, amechuchumaa mbele ya geji, na kwa mara ya kwanza hakumfukuza. Alisogea tu kidogo, akampa nafasi ya kuutazama mshale pamoja naye.